Safari ya neno ‘basi’ na sauti tuliyoipoteza Kapkatet

Katika safu hii tumezoea kufuatilia asili ya maneno. Leo ninafuatilia neno moja dogo, basi, kutoka barabara za Ufaransa hadi ndani ya tarakilishi. Nitaeleza pia jinsi kutolielewa kulivyonigharimu katika nchi ya majani chai. Kisa chenyewe nimekaa nacho kwa miaka mingi, na sijawahi kukiandika.

Mwaka wa 2006 nilikuwa nikikusanya Kiswahili cha mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Kampuni kubwa zilianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, na kwenye nyumba za wafanyakazi, zinazoitwa laini hadi leo, walikutana Wakipsigis, Waluo, Waluhya na Wagusii. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili, lakini Kiswahili cha namna yake, chenye nyapara, kipande, kibarua na maneno mengine ya jasho. Nilitaka kuwarekodi waliokuwepo kabla ya Uhuru, maadamu walikuwa wakipungua kila mwaka.

Karibu na Kapkatet nilielekezwa kwa bibi mkongwe aliyeanza kuchuma chai akiwa msichana. Kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, nami nikamwita hivyo. Tulifika baada ya chakula cha mchana, mimi na mwanafunzi wangu mmoja, tukiwa na kipakatalishi changu kikuukuu chenye tundu moja tu la USB lililokuwa zima. Kwenye tundu hilo tulichomeka kigawio cha matundu manne, kisha kamera, kisha maikrofoni nzuri niliyoinunua kwa akiba yangu.

Papo hapo kioo kikatoa ujumbe wa Kiingereza. Mwanafunzi akausoma, akaniambia, “Mwalimu, inasema ati bendiwidhi haitoshi.”

Nilicheka. “Bendiwidhi ni mambo ya intaneti, na hapa intaneti iko wapi? Bonyeza sawa, tuendelee. Kogo asichoke kutungoja.”

Akabonyeza. Kogo akazungumza kwa karibu saa mbili. Alisimulia namna nyapara alivyowaita kwa majina asubuhi, namna walivyocheka Kiswahili cha wageni kisha wao wenyewe wakachekwa. Aliimba hata wimbo waliouimba wakichuma. Mvua ya alasiri ya Kericho ilianza kunyesha juu ya mabati, naye akapaza sauti kidogo na kuendelea.

Usiku ule, katika chumba cha hoteli mjini Kericho, tulifungua rekodi. Midomo ya Kogo ilikuwa ikisogea vizuri kabisa. Kilichosikika ni mvua. Mvua, vidole vyetu vikigonga meza, na mbali sana kitu kama sauti ya mtu aliye chini ya maji. Tulipanga kurudi likizo ya Desemba. Kogo alizikwa Oktoba.

Nilidhani maikrofoni iliharibika. Nilipoichomeka peke yake, ilifanya kazi bila kasoro. Miaka michache baadaye, mwenzangu wa idara ya uhandisi alinieleza kilichotokea, na ndipo nikaanza kulifuatilia neno basi.

Mwaka wa 1826, katika mji wa Nantes, Ufaransa, Stanislas Baudry alianzisha gari la farasi la kubeba abiria yeyote aliyelipa nauli. Magari hayo yakaitwa omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya ‘kwa wote’. Mwaka wa 1828 yalikuwa Paris, na mwaka wa 1829 George Shillibeer akayapeleka London. Waingereza wakalikata neno, wakakitupa kichwa na kubaki na mkia, bus. Mkia huo, kwa Kilatini, ni kiambishi tu cha wingi. Peke yake hauna maana. Sisi tukauongezea irabu ukawa basi, ukafanana na basi letu la zamani lililotoka Kiajemi, la ‘inatosha’.

Wahandisi wa umeme nao wakalichukua neno. Katika vituo vya umeme kulikuwa na mhimili wa shaba ambao nyaya zote zilichota umeme kutoka kwake. Nao ukaitwa mhimili wa omnibus, yaani wa wote. Kutoka hapo neno likaingia kwenye tarakilishi, likiwa na maana ya njia moja inayotumiwa na vifaa vingi kupitishia data. Mwaka wa 1970 kampuni ya Digital Equipment ya Marekani ilitoa mashine ya PDP-8/e ambayo njia yake iliitwa Omnibus waziwazi. Gari la Nantes lilikuwa limefika ndani ya mashine.

Lakini njia ya wote huzaa swali ambalo kila mwanakijiji analijua: nani apite lini?

Jibu moja lilitoka Hawaii mwaka wa 1971. Mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet uliviunganisha visiwa kwa mawimbi ya pamoja. Kila kituo kilituma ujumbe kilipotaka. Jumbe mbili zikigongana, kila mmoja alingoja kwa muda wa kubahatisha, kisha akajaribu tena. Ni utaratibu rahisi, ila una hasara yake: hesabu zilionyesha kwamba njia ya namna hiyo haiwezi kubeba zaidi ya takriban asilimia 18 ya uwezo wake. Kinachobaki kinapotelea kwenye migongano na ukimya.

Jibu la pili ni la kuwa na karani. Januari 1996, kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na NEC, zilitoa toleo la kwanza la USB. Kabla ya hapo kila kifaa kilidai tundu la aina yake nyuma ya tarakilishi. USB iliviweka vyote kwenye njia moja, hadi vifaa 127, na ikatoa sheria kali: hakuna kifaa kinachosema kabla ya kuitwa. Tarakilishi ndiyo inayoita. Njia hiyo ilipitisha biti milioni 12 kwa sekunde, ikigawa muda katika vipande vya elfu moja ya sekunde, na katika kila kipande karani anapitia orodha yake.

Sasa tazama hekima yake, msomaji. Si data zote zilizo sawa, na anayekijua kituo cha majani chai hahitaji digrii kulielewa hili. Pale kituoni, wakulima wa Litein au Mogogosiek hupanga foleni, karani huwaita mmoja mmoja, majani hupimwa, lori huja. Jani bichi halingoji. Lisipofika kiwandani siku hiyohiyo linapata joto na kuharibika, na hakuna anayeweza kulirudisha kichakani. Chai iliyokwisha kukaushwa na kutiwa magunia, hiyo yaweza kungoja mnada wa Mombasa, almradi ifike nzima.

Ndivyo ilivyo katika USB. Sauti na picha za moja kwa moja ni jani bichi. Zimetengewa mgao wao wa uhakika katika kila kipande cha muda, na kikipotea kitu hakirudiwi, kwani sauti iliyochelewa haina kazi. Faili linalonakiliwa kwenye diski ni chai kavu: linapata nafasi inayobaki, ila likikosewa linatumwa upya hadi lifike sawasawa. Sheria ya mwaka wa 1996 iliruhusu vifaa vya mgao wa uhakika, pamoja na vile vya kuitwa mara kwa mara kama kipanya na kibodi, kuchukua hadi asilimia 90 ya kila kipande. Asilimia 10 iliachiwa mawasiliano ya usimamizi, ili karani mwenyewe asikose pa kusemea.

Mgao huo huombwa mwanzoni. Kifaa hutaja kiasi kinachokihitaji, na kama kiasi hicho hakipo, ombi hukataliwa. Karani mwaminifu hawezi kuahidi nafasi katika lori lililojaa. Anasema basi.

Basi hilo ndilo nililoambiwa Kapkatet. Kamera ilichomekwa kwanza, ikachukua sehemu kubwa ya njia. Maikrofoni ilipokuja, mgao wake haukuwepo. Programu ikatafuta sauti kwingine, ikaipata kwenye maikrofoni ndogo iliyo ndani ya kipakatalishi, kando ya kibodi, inayosikia meza na mabati kuliko mtu aliyeketi hatua tatu mbali. Hakuna kilichoharibika. Mashine ilinieleza ukweli mtupu kabla Kogo hajafungua kinywa, nami msomi wa lugha nikauita mambo ya intaneti.

Kwa nini sikuelewa? Ningependa kusema ni kwa sababu ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, lakini Kiingereza nakijua. Tatizo lilikuwa kwamba neno lenyewe nililijua nusunusu. Bendiwidhi lilianza katika redio, likiwa na maana ya upana wa bendi ya mawimbi. Baadaye wahandisi wakalitumia kwa kiasi cha data kinachoweza kupita katika njia yoyote kwa sekunde. Sisi wengine tukalisikia kwa wauza intaneti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipoanza kutuhudumia kupitia Mombasa mwaka wa 2009, magazeti yalijaa neno hilo, na maana ya intaneti peke yake ikazidi kukita mizizi. Watu wengi bado wanadhani ni kasi. Si kasi. Lori linaweza kwenda mbio na bado likakuacha na kikapu chako kando ya barabara.

Istilahi tulizo nazo hazijatusaidia vya kutosha. ‘Upana wa bendi’ ni sahihi kwa redio, lakini kwa mtu aliye mbele ya kigawio cha matundu manne ni fumbo. ‘Kipimo data’, inayotumika katika baadhi ya programu, inaashiria kupima na haisemi kitu kuhusu nafasi wala kugawana. Kwamba kazi hii inawezekana si jambo la kubishaniwa tena. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka wa 2004. Swali ni tunamtafsiria nani.

Pendekezo langu ni hili. Tuseme ‘nafasi ya njia’ kwa bendiwidhi, na ‘mgao’ kwa sehemu ambayo kifaa kimetengewa. Mgao tunaujua sote kutokana na maji na umeme. Basi libaki basi, kwa kuwa limeshatembea mbali na maana yake ya ‘kwa wote’ inatufaa. Ujumbe ungesoma hivi: Njia imejaa, maikrofoni haikupata mgao, chomoa kifaa kimoja. Ningeichomoa kamera. Picha za Kogo ninazo za kutosha.

Kuna watakaosema jambo hili limepitwa na wakati. USB ya mwaka wa 2000 ilipitisha biti milioni 480 kwa sekunde, na ile ya mwaka wa 2008 bilioni 5. Ni kweli, ila vifaa navyo vimeongezeka na picha zimenenepa, na njia ya wote haijaacha kuwa ya wote. Vijana mnaoenda nyanjani kurekodi wazee, chomekeni maikrofoni kwanza. Rekodini dakika moja, msikilize kwa masikio yenu, ndipo mmwambie mzee aanze. Na kioo kikikuambia jambo usilolielewa, usibonyeze sawa.

Daftari langu la siku ile lina maneno kadhaa ya Kogo, niliyoyaandika harakaharaka. Maana zake ninazo. Namna alivyoyatamka, na wimbo ule, sinavyo. Ninapofundisha fonolojia huwa ninawachezea wanafunzi ile rekodi ya mvua, dakika mbili tu, kabla sijawapa vifaa vya kwenda nyanjani.