Fomu Kabla ya Kura
Tumezoea kuamini kwamba uchaguzi huamuliwa kwenye sanduku la kura. Historia ya Tanzania inaonyesha kuwa mara nyingi huamuliwa mapema, mezani pa fomu za uteuzi. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Lakini kilichoteua wawili hao kilikuwa chama. Vyama vingi viliporudi 1992, mlango ulipanuka bila kizingiti kuvunjwa: lazima mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi, na 2013 Mahakama ya Afrika jijini Arusha ikampa ushindi.

Wapo wasemao fomu ni chujio, bila hilo kila mzaha utajaza karatasi ya kura. Hoja hiyo ina uzito: wadhamini 25 waliojiandikisha kupiga kura jimboni si mzigo kwa mgombea ubunge wa kweli. Lakini chujio huondoa makapi, si nafaka. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai ya kukosea kujaza fomu, vyama kadhaa vikajitoa, na chama tawala CCM kikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Chama kidogo kisicho na mwanasheria kila kata ndicho huumia kwanza. Kosa la kalamu lisahihishwe. Hukumu waachiwe wapiga kura.