Mawe ya Kale na Mwaka 1863

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, haja za watu zilikuwa nyingi: shule, maji, dawa, barabara. Mtu angeweza kudhani ya kuwa magofu ya pwani yangesahauliwa kabisa. Walakini mwaka 1964 ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale, nayo yatuhusu sisi wa misheni kwa njia ambayo wengi hawaijui.

Haikuwa sheria ya kwanza. Waingereza walitunga yao mwaka 1937, ikakaa miaka ishirini pasipo idara ya kuisimamia. Hata 1957 ndipo ilipoundwa Idara ya Mambo ya Kale, akawekwa Neville Chittick kuiongoza. Bwana huyo alichimba Kaole, karibu na Bagamoyo, akachimba na Kilwa Kisiwani, ambako yasimama magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji. Vitabu vingi vya enzi ya ukoloni vilipenda kusema kwamba miji ile ni kazi ya wageni tu, na watu wa nchi walikuwa watazamaji. Basi taifa changa lilikuwa na sababu yake ya kutotaka ushahidi ule uanguke.

Sheria hiyo ya 1964 iliweka mpaka. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, yaani karibu miaka mia moja kabla ya sheria yenyewe, lalindwa bila kuulizwa ni la nani: msikiti, kaburi, ngome, ni mamoja. Milango ya nakshi ilipewa mpaka wake, mwaka 1940, kwa kuwa wageni walikuwa wakiitamani mno. Haiwezi kutolewa nchini pasipo ruhusa. (Unguja wana sheria yao wenyewe, nasi hatutaieleza hapa.)

Kwa kweli sheria haizuii mawimbi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2004 yakahesabiwa kuwa hatarini, maana bahari ilikuwa ikila kingo, na mizizi ikipasua kuta. Ilikuwa kazi ya miaka kumi, hata 2014, ndipo yakaondolewa katika orodha ya hatari.

Sasa tutazame misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, miaka mitano baada ya mpaka ule. Kwa hiyo kanisa lao la kwanza, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, halikuingia katika ulinzi wa sheria kwa umri wake. Na kama hilo halikuingia, sembuse makanisa ya bara, yaliyojengwa baadaye kwa tofali za kuchoma na mikono ya wakatekumeni! Sheria yampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, lakini Waziri hawezi kutangaza asichoambiwa.

Twalisema hili kwa sababu ya jubilei. Wakati wa shangwe kama huu ndipo parokia zinapochanga fedha za kanisa jipya, na la zamani likabomolewa ili mawe yake yatumike katika msingi. Hatuwalaumu, kanisa lililo dogo ni dogo, na watu hunyeshewa nje. Lakini hakuna afisa atakayekuja kuushika mkono wa fundi, kwa maana jengo lile halimo katika hesabu yake. Kule Bagamoyo mnara wa kanisa la kwanza ungali umesimama, na nyumba ya zamani ya masista, ya mwaka 1876, imefanywa makumbusho. Ni misheni yenyewe iliyoifanya hivyo, ikaitia paa na kuiwekea mlinzi.