Uzito na Tungamo: Historia ya Kupima Nyota

Miongoni mwa maneno yaliyowasumbua waundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili ni uzito na tungamo. Mwenye duka hana haja ya kuyatenga. Akipima kilo moja ya sukari, yeye na mnunuzi wake wote huita kile kilichopimwa uzito, na biashara huendelea. Lakini hata vitabuni bado twasoma kwamba wataalamu wa falaki wamepima uzito wa nyota fulani. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba sicho kitu walichokipima, na kwamba kosa linalovumilika sokoni halivumiliki katika elimu ya nyota.

Isaac Newton, katika kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1687, alitenga wingi wa maada uliomo ndani ya kitu na nguvu inayokivuta kitu hicho. Wingi ule aliuita massa, neno ambalo asili yake ni donge la unga uliokandwa. Nasi tumechukua kitenzi kutungama, kisemwacho kwa damu au samli iliyoganda, tukapata tungamo. Wako wanaopendelea masi, na hilo si neno baya, ila halimwambii mwanafunzi lolote.

Uzito hutegemea mahali. Jiwe la kilo sita, likipelekwa mwezini, litavutwa kwa nguvu ile ile inayovuta jiwe la kilo moja hapa duniani, ilhali tungamo lake halikupungua hata chembe. Basi anayeuliza uzito wa nyota hana budi kwanza aseme nyota hiyo inavutwa na nini, na iko umbali gani na kinachoivuta. Anayeuliza tungamo lake ameuliza swali lenye jibu moja.

Jibu hilo lilichelewa. Mwaka 1798 Henry Cavendish, kwa kupima mvutano mdogo mno baina ya tufe za risasi, alipata kwamba dunia ina msongamano upatao mara tano na nusu ya ule wa maji. Kwa hiyo tungamo la dunia likajulikana, na la jua pia, ambalo ni kama mara 333,000 ya la dunia. Mwaka 1803 William Herschel alionyesha kwamba baadhi ya nyota zionekanazo mbili mbili kwa kweli huzungukana. Hapo ndipo mizani ya nyota ilipopatikana, maana vitu vinavyozungukana hudhihirisha tungamo lao kwa mwendo wao. Lakini ukubwa halisi wa mzunguko haujulikani bila ya kujua umbali wa nyota, na umbali huo ulipimwa kwa uhakika na Friedrich Bessel mwaka 1838.

Bessel huyo huyo alitangaza mwaka 1844 kwamba Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, ambayo Waarabu huiita Shi'ra, haisafiri angani kwa mstari ulionyooka. Huyumba. Akakata shauri kwamba inavutwa na mwenzake asiyeonekana, na kwamba mzunguko wao huchukua kama nusu karne. Bessel alifariki mwaka 1846 bila ya kumwona mwenzake huyo. Tarehe 31 Januari 1862, huko Massachusetts, Marekani, Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu lenzi mpya ya darubini, yenye upana wa sentimita 47, akaona nukta hafifu kando ya Sirius. Lenzi ile ilikuwa imeagizwa na Chuo Kikuu cha Mississippi, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe viliizuia, ikaishia Chicago.

Hesabu yake ni nyepesi. Umbali wa wastani baina ya nyota hizo mbili ni mara 19.8 ya umbali wa dunia na jua, nao huzungukana kwa miaka 50.1. Chukua 19.8, uizidishe kwa yenyewe mara tatu; ugawe kwa 50.1 iliyozidishwa kwa yenyewe mara mbili. Utapata karibu 3.1, ndiyo jumla ya tungamo lao kwa kizio cha jua. Kwa kuwa nyota kubwa huyumba nusu tu ya mwenzake, mgawanyo ni kama 2.06 na 1.02.

Nyota ile ndogo, basi, ina tungamo sawa na la jua, ingawa mwanga wake ni hafifu kuliko wa Sirius karibu mara 10,000. Ilidhaniwa kuwa ni nyota iliyopoa. Mwaka 1915 Walter Adams alichunguza mwanga wake akakuta ni mweupe, wa nyota yenye joto kali. Nyota yenye joto kali na mwanga hafifu lazima iwe ndogo, na hii ni ndogo kuliko dunia. Kilo moja ya sukari ikiwekwa juu yake ingevutwa kwa nguvu ya mara 400,000 hivi kuliko hapa kwetu, nayo ingali kilo moja. Sijui mfano uwezao kumsaidia mwalimu wa fizikia kuliko huo.

Kwa galaksi jambo ni gumu zaidi. Wataalamu hukadiria tungamo la nyota zake zote kwa kupima mwanga na rangi, wakikumbuka aliyoyaeleza Edwin Salpeter mwaka 1955: nyota ndogo, zenye mwanga haba, ni nyingi kupita kiasi kuliko kubwa. Katika galaksi yetu nyota hizo hukadiriwa kuwa na tungamo la majua bilioni 50 hadi 60. Nashauri hilo liitwe jumla ya tungamo la nyota, lisichanganywe na tungamo la galaksi, lililo kubwa zaidi mara nyingi. Fritz Zwicky aliligusa jambo hilo mwaka 1933 alipochunguza kundi la galaksi, na Vera Rubin na Kent Ford wakalitilia nguvu mwaka 1970 kwa mwendo wa galaksi ya Andromeda: kuna maada inayovuta lakini haitoi mwanga. Baadhi yetu wameanza kuiita maada ya giza. Giza huficha, na maada hii haifichi kitu. Mwanga hupenya ndani yake kama upenyavyo kioo. Maada ghaibu ingefaa zaidi, na ingekuwa vyema kamati iamue kabla neno giza halijazoeleka.