Kunona, kunenepa, kuvimba
Hapa Eldoret "umenona!" ni sifa, ingawa neno lenyewe ni la ng'ombe na mbuzi, binadamu hunenepa. Ukifika kliniki ya moyo, sifa hiyo hupimwa kwa kidole gumba: daktari anabonyeza muundi, na kishimo kikikawia kufutika, hayo ni maji. Umevimba, hukunona.

Ajabu ni kwamba kati ya wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri, wanene walionekana kuishi zaidi kuliko wembamba. Mwaka 2023 watafiti wakalinganisha kiuno na kimo badala ya kutegemea kilo, na faida hiyo ikatoweka. Mzani hautenganishi mafuta, msuli na maji. Na kwa "umekonda", jamani, msimpongeze mgonjwa wa moyo haraka; huenda ni msuli unaokwisha.