Python 2 haikujua herufi za Mji wa Kale

Wasee, kabla sijaacha chuo nilipewa notsi za Python zenye print bila mabano. Nabonyeza, kosa. Narudia, kosa. Nikajiona mimi ndiye mjinga darasani. Kumbe notsi ni za Python 2, kompyuta yangu ina Python 3.

Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, na Guido van Rossum na wenzake walijua kabisa itavunja programu za zamani. Watu walilalamika wee! Python 2 iliachwa rasmi 1 Januari 2020. Mabano unayaweka dakika moja, yamekwisha. Mbaya ni kugawanya: mahamri 5 kwa watu 2, Python 2 inasema kila mtu 2, kimya, hata kosa haitoi. Moja limeliwa na nani?

Mimi niliwasamehe kwa sababu ya maandishi. Hapa kwetu Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne, tungo za Muyaka zikiwemo. Sasa chukua سلام, herufi nne. Iandike hivyo hivyo kwenye Python 2, kwa UTF-8, uulize len: 8! Inahesabu baiti, si herufi. Ukiligeuza neno nyuma mbele, inatoka takataka. Dawa ilikuwa kuweka u mbele ya alama za nukuu, kila mahali, na ukisahau pamoja tu umekwama. Ya Kiingereza yalipita bila taabu. Python 3 inajibu 4, basi.

Zile notsi nimempa binamu yangu juzi. Mabano nimeyajaza mwenyewe kwa kalamu nyekundu.