Noradrenalini na mdundo wa moyo uliokosa damu
Iskemia ya moyo ni hali ya misuli ya moyo kukosa damu mshipa wake unapoziba. Hapo neva za simpathetiki, zinazouandaa mwili kwa hatari, humwaga kemikali iitwayo noradrenalini. Baada ya dakika 10 hivi ncha za neva hizo huivujisha hata bila amri ya ubongo. Kemikali hiyo hushika vipokezi vya beta vya seli za moyo, kalsiamu hujaa ndani ya seli, mapigo huvurugika. Kubanwa kifua kwaweza kuwa dalili ya hali hii, kwa hiyo mchukuzi wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, anayebanwa kifua asiambiwe ni uchovu tu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili, Upanga, huzibua mishipa ya moyo iliyoziba kwa katheta, yaani mrija mwembamba. Lakini damu ikirudi ghafla, kalsiamu huzidi tena, na ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) zaweza kutetemeka pasipo kusukuma damu. Hapo mashine ya kushtua moyo huhitajika mara moja.