Bunduki na Mkono Unaoitunza

Ghuba ile ya Ziwa Viktoria inayotazamana na nchi yetu ya Busega, ambamo Mwamanyili imo, imeandikwa katika ramani kwa jina la Mwingereza, John Hanning Speke. Jina hilo lilitiwa na Stanley mwaka 1875 alipolizunguka ziwa kwa mashua yake. Shuleni tulifundishwa kwamba Speke ndiye Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hili, tarehe 3 Agosti 1858. Hatukufundishwa kwamba miaka mitatu kabla ya hapo nusura afe kwa sababu ya silinda ya bastola iliyokataa kuzunguka. Kwangu mimi, niliyekulia katika nyumba yenye gobore, habari hiyo ya pili inafunza zaidi kuliko ile ya kwanza.

Ilikuwa Berbera, pwani ya Wasomali, alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1855. Kambi ya Richard Burton, ambamo Speke alikuwa mmoja wa maofisa wanne, ilivamiwa. Mwenzao Stroyan aliuawa. Burton alichomwa mkuki uliopenya shavu moja ukatokea la pili. Speke alitoka hemani na rivolva mkononi, akamwelekezea adui kifuani kwa karibu kabisa, akavuta triga. Burton ameandika baadaye kwamba silinda haikuzunguka. Speke alikamatwa, akafungwa kamba na kuchomwa mikuki mara kadhaa, kisha akaponyoka mbio huku damu ikimtiririka. Alipofika ukingoni mwa ziwa letu alikuwa na makovu hayo mwilini.

Rivolva yake ilikuwa ya Adams, silaha iliyokuwa na sifa kubwa siku zile. Mwaka 1851 katika Maonyesho Makuu ya London, Robert Adams alishindana nayo dhidi ya Samuel Colt wa Marekani. Ya Colt ilitaka mpigaji avute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Ya Adams ilifanya kazi yote kwa mvuto mmoja wa triga: silinda inazunguka, nyundo inanyanyuka, nyundo inaanguka. Ni wepesi mkubwa wakati wa hatari. Lakini ukifikiri vizuri utaona kwamba kadiri kazi nyingi zinavyowekwa katika mvuto mmoja, ndivyo zinavyoweza kuharibika zote pamoja. Bastola za siku zile ziliwashwa kwa fataki, kikofia kidogo cha shaba. Fataki ikipasuka, vipande vyake huweza kuanguka kati ya silinda na mwili wa bastola. Kipande kidogo kuliko punje ya mtama chatosha kusimamisha mtambo wote. Iwapo ndicho kilichomsaliti Speke au ni kitu kingine, fundisho ni moja: aliyenunua silaha bora hakuwa amenunua usalama.

Wanaolijua jambo hili kwa undani leo ni wale wanaoshindana kulenga shabaha kwa rivolva. Wao hawaendi vitani wala mawindoni. Wanapigania sehemu ya sekunde. Mwaka 1932 Mmarekani Ed McGivern alipiga risasi 5 kwa sekunde 0.45. Mwaka 1999 mwenzake Jerry Miculek alipiga risasi 8 kwa sekunde moja. Mtu akisikia hivyo husifu kidole. Fundi husifu mtambo, kwani kidole hakiwezi kwenda mbio kuliko chuma kinachokifuata.

Na kazi ya fundi huyo si ya miujiza. Hulainisha sehemu zinazosuguana ili triga isikwame njiani. Huhakikisha kila chumba cha silinda kinasimama sawasawa nyuma ya mtutu kabla nyundo haijaanguka, maana kikipotoka kidogo, risasi hukwaruzwa inapoingia mtutuni na vipande vya madini hurukia pembeni. Hupima mwanya kati ya silinda na mtutu, ambao kwa kawaida ni kama milimita 0.1 hadi 0.2. Ukiwa mpana, nguvu ya baruti hupotea. Ukiwa mwembamba mno, masizi na joto huifanya silinda ikwame, na hapo tumerudi Berbera. Triga ambayo kiwandani ilitaka nguvu ya kilo 5 huweza kushushwa hadi kilo 3. Lakini springi ikilegezwa kupita kiasi, nyundo huanguka kwa unyonge na risasi haiwaki. Kila wepesi unaoongezwa una bei yake, na fundi mzuri ni yule ajuaye mahali pa kusimama.

Mambo haya niliyaona mapema, ingawa kwa chombo cha namna nyingine. Bunduki zilifika Usukuma katika karne ya 19 kwa misafara ya pwani iliyopitia Tabora, zikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Zilizoenea ni zile za kushindiliwa baruti mdomoni, yaani magobore. Kisha mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels mwaka 1890 kuzuia silaha za kisasa zisiingie Afrika, huku zile za kale zikiruhusiwa kwa masharti. Ndiyo maana gobore lilidumu mikononi mwa watu wetu muda mrefu baada ya Wazungu kulitupa. Kiwanda kilichoyatengeneza hakikuwapo tena, wala vipuri vyake havikuuzwa dukani. Yaliyoendelea kulia yalilia kwa sababu fundi wa kijijini alikuwa na tupa, moto na subira.

Marehemu babu yangu alikuwa na gobore lake lenye kibali, kwa ajili ya viboko waliotoka ziwani kula mahindi, na tembo walioshuka kutoka Serengeti. Jioni baada ya kulipiga hakuliweka ukutani hata kama mvua ilimnyeshea na njaa ilimuuma. Alimwaga maji ya moto mtutuni, akasugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki, akakausha, akapaka mafuta ya ng'ombe. Masizi ya baruti hunyonya unyevu wa hewa, na chuma huanza kuliwa usiku uleule. Siku moja nilimuuliza:

"Babu, mbona usingoje kesho?"

"Mjukuu wangu," akasema, "kiboko naye atangoja kesho?"

Jirani mmoja wa upande wa pili wa mto alikuwa akingoja kesho. Gobore lake lilipasuka mkononi, akapoteza vidole viwili, na mkewe akawa ndiye mshika jembe nyumba nzima. Kijiji kilisema amerogwa. Babu aliomba kuuona mtutu ule, akapitisha kidole ndani, kikatoka chekundu kwa kutu. Hakusema neno.

Speke mwenyewe hakufa kwa mikuki wala kwa homa za safari. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton kuhusu chanzo cha Nile, alikuwa akiwinda kware nchini kwao, karibu na Bath. Akipanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake, iliyokosa kizuizi cha usalama, ilifyatuka ikampiga kifuani. Alikuwa na miaka 37. Silaha moja ilikataa alipoihitaji. Nyingine ilikubali asipoihitaji. Watu bado wanabishana juu ya nia yake siku ile. Mimi naishia kwenye chuma.

Sheria ya silaha ya mwaka 2015 imebana umiliki wa bunduki nchini, na sioni ubaya wake. Wenye subira ya babu ni wachache. Ila nasikitika kwamba pamoja na magobore, ule ujuzi nao unakwenda, na hakuna anayeuandika. Vitabu vya historia vina majina ya waliobeba bunduki, na ramani zetu zina majina yao pia. Mafundi walioziweka katika hali ya kumlinda mtu badala ya kumwua hawana ghuba hata moja. Kama bado yupo mzee wa namna hiyo katika ukoo wako, msomaji, mwulize wakati anaweza kujibu.